Uzee wa Kupakwa

Msomaji atanisamehe. Katika kurasa zilizotangulia nimejaribu kuhakiki vitabu na nyimbo, na penye ujasiri hata hotuba za arusi. Leo nataka kuhakiki nyumba ya ndege. Ni kisanduku cha mbao, urefu wake shubiri moja na nusu hivi, chenye paa la mteremko na tundu moja la duara upande wa mbele. Aliyeitengeneza ni binti yangu anayeishi Uingereza, katika darasa la jioni la kazi za mikono analohudhuria mara moja kwa wiki akitoka kazini. Alipokuja likizo aliniletea, ikiwa imeviringishwa ndani ya masweta mawili. Alipoifungua mbele yangu nilidhani ameiokota jalalani.

"Umeipata wapi hii?" nikamwuliza.

"Nimeitengeneza mwenyewe, baba. Ina wiki tatu tu."

Nikaitwaa na kuigeuzageuza. Rangi yake ya juu ni nyeupe iliyochujuka, mithili ya maziwa yaliyotiwa maji. Nyeupe hiyo imepasuka nyufa nyembamba kama tope la mbuga wakati wa kiangazi, na ndani ya nyufa inachungulia rangi ya kijani. Kwenye kingo kijani nacho kimechubuka, na chini yake ikatokeza kahawia. Paa halikupakwa rangi kabisa. Mbao yake ni ya kijivu, kijivu kile cha dau lililopandishwa pwani likasahauliwa. Ungeweza kuapa kwamba kitu hiki kimening'inia mtini miaka ishirini, kikapigwa na jua na mvua na wenyewe wakafa.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa seremala, nami nimekulia ndani ya maranda. Kwa hiyo sikuridhika na kustaajabu tu. Nilimwomba binti yangu anieleze kazi yote, hatua kwa hatua, naye akaeleza kwa furaha ya mtu aliyengojea kuulizwa.

Mbao ni msonobari, mti laini wa nchi za baridi na wa bei nafuu. Kwanza aliipiga msasa, kisha akaipaka kahawia iliyoiva. Ilipokauka akachukua kipande cha mshumaa akakisugua kwenye kingo na pembe, halafu akapaka kijani cha rangi ya maji juu ya yote. Palipopita mshumaa rangi haishiki. Ikisha kukauka, ukiikwangua kidogo tu inabanduka, na kahawia ya chini hutokeza kana kwamba mikono ya vizazi vitatu imepita pale. Baada ya kijani ikaja gundi, ile nyeupe ya maseremala, akaipaka nzito. Hapa ndipo penye ujuzi. Gundi haiachwi ikakauka kabisa. Ingali inanata, unapaka nyeupe juu yake kwa brashi iliyojaa, mpigo mmoja, upande mmoja, bila kurudi. Rangi ya juu hukauka upesi na kutaka kujikaza, lakini gundi iliyo chini bado ni tepetepe na haiwezi kuishikilia, basi rangi inararuka yenyewe mbele ya macho yako. Gundi ikiwa nzito nyufa huwa pana. Ikiwa nyepesi huwa kama utando wa buibui. Mwenye papara akirudisha brashi mara ya pili huvuruga kila kitu, akabaki na uji.

Mwisho alipitisha kitambaa chenye rangi ya udongo iliyoyeyushwa kwa maji, ikaingia nyufani, akaipangusa ile ya juu, akamalizia kwa nta ya samani. Lile paa alilifanyia jambo jingine ambalo lilinipendeza zaidi. Alikuwa ameloweka ndani ya siki waya laini wa kusugulia sufuria, akauacha siku kadhaa. Siki hula chuma, na maji yale yakikutana na tanini iliyomo ndani ya mti hugeuza mbao kuwa ya kijivu kwa muda wa dakika chache. Msonobari una tanini kidogo mno, kwa hiyo aliutangulizia chai ya rangi, iliyokolezwa mpaka ikawa chungu. Nilicheka sana kwa hiyo chai. Baba angecheka pia, kisha angeijaribu.

Basi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sasa nije kwenye hukumu, kwa sababu mhakiki asiyehukumu ni mtangazaji wa biashara.

Hisia yangu ya kwanza, nakiri, ilikuwa ya dhihaka. Hapa kwetu Unguja mwenye nyumba hupiga chokaa Idi inapokaribia, ili kuta za zamani zionekane mpya. Mtu mwenye mlango wa rangi iliyobabuka huona haya mbele ya wageni. Kumbe kuna nchi ambako watu hutoa fedha kununua rangi ili kitu kipya kionekane kichakavu! Nikamwambia binti yangu kwamba hii ni anasa ya watu ambao uchakavu haujapata kuwatisha. Masikini hapaki uzee, kwa kuwa anao wa kutosha. Hakujibu. Nilidhani nimeshinda.

Lakini neno la dhihaka halitoshi kuwa tahakiki, na kadiri nilivyolifikiri ndivyo lilivyonipungukia nguvu. Kupenda rangi iliyobabuka kuna historia yake. Mwaka 1989 mwanamke mmoja Mwingereza, Rachel Ashwell, alifungua duka huko Santa Monica, California, akaliita Shabby Chic, maana yake uchakavu wenye madaha. Katika masoko ya vitu vya mitumba alikuwa ameona uzuri katika makabati na viti vilivyobabuka nyeupe, wala hakuvirudishia upya. Watu wakavipenda. Vya kweli havikutosha, na viwanda vikaanza kutengeneza vilivyozeeshwa. Hapo ndipo wenye dharau kama mimi hupata chakula chao.

Hata hivyo kuna jambo ambalo dharau hiyo hailijui. Rangi za kale za mafuta zilichanganywa na risasi, na Marekani ilikataza risasi katika rangi za majumbani mwaka 1978 tu. Rangi ya kweli iliyobabuka ya kabati la mwaka 1930, ikipukutika katika chumba cha mtoto anayetambaa na kutia kila kitu kinywani, ni sumu. Huharibu akili yake polepole wala hakuna anayeona. Uzee wa kupakwa hauna sumu hiyo. Kwa hiyo nyumbani kwa mwenye mtoto mchanga ile ya uongo ni salama kuliko ile ya kweli. Nilipolitafakari jambo hili sikuona la kulijibu, na mpaka leo sijaliona.

Nikarudi kwa wakubwa. John Ruskin, mhakiki wa Uingereza ambaye ukimsoma unajiona umegombezwa na babu, alitoa mwaka 1849 kitabu chake juu ya taa saba za usanifu wa majengo. Moja ya taa hizo ni ya ukweli. Humo alizikemea hila za waashi, na mojawapo aliyoichukia ni kupaka uso wa kitu rangi ili kionekane kuwa kitu kingine, kama vile mbao ikaonekana marumaru. Kwa kipimo hicho nyumba yetu ya ndege imehukumiwa kabla haijasimama kizimbani. Lakini Ruskin huyohuyo, ndani ya kitabu hichohicho, ana taa ya kumbukumbu. Huko anasema kwamba utukufu mkubwa wa jengo uko katika umri wake, wala si katika mawe au dhahabu. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu kuupenda uso wa kitu kilichokaa. Na mtu akisha kufundishwa kupenda kitu ambacho hakipatikani sokoni, je, atafanya nini? Atakitengeneza. Sidhani kama Ruskin alilitazamia hilo.

Wafuasi wake walilichukua neno lake kwa dhati. Mwaka 1877 William Morris na wenzake waliunda chama cha kulinda majengo ya kale, kwa kuwa makanisa ya Uingereza yalikuwa yakikwanguliwa kuta zake na kurudishwa kwenye hali ambayo wajenzi wa karne ya 19 waliidhania kuwa ni ya asili. Chama hicho kikapewa jina la utani la Anti-Scrape, yaani wapinga kukwangua. Nalipenda sana jina hilo, nami nitalirudia baadaye kwa sababu yangu mwenyewe.

Wapo waliouzeesha uso wa kitu kwa nia ya kuiba, na hao hatuwezi kuwapita kimya. Michelangelo, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alichonga sanamu ya mtoto aliyelala, ikafanywa ionekane kama imefukuliwa ardhini, na mwaka 1496 kadinali mmoja wa Roma akauziwa kama ya kale. Kadinali alipogundua alidai fedha zake kwa dalali. Lakini pia alitaka kumwona kijana mwenye mkono wa namna hiyo, na hivyo Michelangelo akaingia Roma. Karibu miaka mia nne na hamsini baadaye, Mholanzi Han van Meegeren alichora picha akazisingizia kuwa za Vermeer. Alichanganya rangi zake na bakelaiti, akaioka turubai katika tanuri ili ikauke kama ya miaka mia tatu, akaiviringisha ili ipasuke nyufa, akazijaza nyufa uchafu. Moja ya picha zake ilimfikia Göring. Baada ya vita alikamatwa kwa kosa la kumwuzia adui hazina ya taifa, naye hakuwa na njia ya kujiokoa ila kukiri kwamba hazina hiyo aliitengeneza mwenyewe. Alihukumiwa mwaka 1947, akafa mwaka huohuo.

Ukiziangalia kazi za mikono peke yake, van Meegeren na binti yangu walifanya jambo moja: tabaka la chini, tabaka la juu, joto au gundi, nyufa, uchafu wa kujaza nyufa. Lakini binti yangu aliponyosha mkono kunipa kisanduku kile, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba kina wiki tatu. Kwa hiyo kosa la wazushi hatuwezi kulitafuta ndani ya rangi. Tulitafute ulimini, pale mwuzaji anapofungua kinywa. Na hapo Ruskin, kwa maoni yangu, aliwaonea waashi.

Nikisha kumwondolea mshtakiwa kosa la uongo, linabaki swali ambalo mhakiki hawezi kulikimbia. Je, ni kazi nzuri?

Nianze na sifa. Kama nyumba, ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Tundu lake ni milimita 32, na kipimo hicho hakikuokotwa: ndicho wanachopewa jurawa wa majumbani, wengine huwaita shomoro. Ndege wadogo zaidi wa huko Uingereza hutobolewa la milimita 25. Tundu liko juu, mbali na sakafu, ili makinda yasimwagike na mkono wa paka usiyafikie. Hakuweka kijiti cha kutulia mbele ya mlango, ingawa katika kila picha ya kadi nyumba ya ndege ina kijiti. Ndege anayeishi shimoni hahitaji kijiti. Hicho humfaa adui yake. Chini kuna vitobo vya kutolea unyevu. Na ndani hakupaka kitu chochote. Nilitia kidole nikagusa mbao tupu, yenye ukwaru wa msumeno, na makinda yataishika kwa kucha yatakapotaka kupanda kutoka. Huo ni ustadi ambao mnunuzi haoni. Nilifurahi, kwa kuwa nilimwona baba yangu humo.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ile gundi. Kuna kitu cha kuchekesha, na cha kusikitisha pia, katika chombo kinachoonekana kimevumilia masika ishirini na ambacho hakiwezi kuvumilia moja. Gundi ile nyeupe hulainika ikinyeshewa. Kwa kazi ya nje ilipaswa kufunikwa kwa vanishi nzuri, lakini vanishi ingeng'aa, na mng'ao ungeuua uzee. Fundi alilazimika kuchagua kati ya kuonekana kukuu na kuwa imara, akachagua kuonekana. Baba asingechagua hivyo.

Kasoro ya pili ndiyo iliyonisumbua zaidi, na ilinichukua siku mbili kuitambua. Nilikuwa nimeiweka nyumba ile juu ya meza barazani, nikinywa kahawa naitazama. Kila kitu kinachochakaa huchakaa mahali pake. Kizingiti hulika katikati, kwa kuwa watu hukanyaga katikati. Mpini wa jembe hung'aa panaposhikwa. Kinu huliwa upande mmoja zaidi, kwa sababu mtwangaji ana mkono wenye nguvu na mwingine dhaifu. Ukinipa kiti cha zamani naweza kukuambia mwenyewe alizoea kuegemea wapi. Mafundi wanaozeesha vitu husahau hilo. Huchubua kingo zote nne sawasawa, pembe zote kwa kipimo kimoja, hata kitu kikaonekana kama kilizeeka ndani ya mashine ya kufulia. Ndivyo yalivyo mengi ya makasha mapya yanayouzwa kwa watalii, na milango iliyopigwa nyororo ili ipate makovu. Makovu yametawanyika kama tetekuwanga, hakuna lenye sababu.

Nyumba ya ndege, basi, ingechakaa wapi? Chini ya tundu, ambapo kucha hukwaruza kila ndege anapotua. Kwenye ukingo wa chini, ambapo maji hudondoka na kungoja. Kwenye upande unaotazama jua la alasiri. Mikono ya watu haiigusi, ila mara moja kwa mwaka inaposafishwa. Nikaitazama tena ya binti yangu. Chini ya tundu rangi ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Ukingo wa chini, mzima. Lakini pale mbele, chini kidogo ya paa, palichubuliwa sana, kijani chote kikaisha, na upande wa kushoto zaidi kuliko wa kulia. Nikasema moyoni: hili ni kosa. Amepaka uchakavu wa kitu kinachofunguliwa kwa mkono, akaubandika kwenye kitu kisichofunguliwa. Nikafurahi kama mhakiki afurahivyo apatapo kosa, nikamwita.

"Mwanangu, hebu njoo. Nani huyu aliyekuwa akiifungua nyumba ya ndege kwa mkono wa kushoto?"

Akaja, akaitazama kidogo. "Si ndivyo lilivyokuwa kasha la bibi?" akasema. "Lile la kijani. Lile lililoliwa na mchwa."

Hapa inabidi nieleze, ingawa ningependa kutoeleza.

Nyumbani kwetu palikuwa na kasha, la bibi yangu mzaa baba. Lilikuwa lile ambalo watu huliita kasha la Zanzibar, japokuwa mengi ya makasha hayo yaliletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba. Lilipigwa misumari ya shaba, likawa na droo tatu ndogo upande wa chini. Wakati fulani baba yangu alilipaka kijani, rangi iliyobaki baada ya kumalizia dau la jirani. Mtu mwenye ujuzi wa mambo ya kale angelia. Lakini sisi tulilijua hivyohivyo, la kijani. Bibi alizoea kulifungua usiku. Mkono wake wa kulia ulishika kandili, akanyanyua kifuniko kwa wa kushoto, na kwa miaka mingi mkono ule ulikula rangi mbele, kushoto mwa kitasa, mpaka mbao ikatoka na mbao yenyewe ikaanza kuwa laini kama sabuni. Binti yangu alipozaliwa bibi alikuwa ameshafariki, lakini kasha lilikuwapo, na mtoto alizoea kukaa sakafuni mbele yake akipitisha kidole pale palipolika. Hakuna aliyemfundisha.

Kasha hilo halikuliwa na mchwa. Nililiuza mwaka 1987. Paa lilikuwa linavuja, mama yake alikuwa mjamzito, na mshahara wa mwalimu wa siku zile msomaji wa umri wangu anaukumbuka. Alikuja mtu mmoja aliyekuwa akizunguka mitaani akinunua vitu vya kale, akanipa fedha zilizotosha bati kumi na mbili na misumari yake. Mtoto alikuwa na miaka sita. Alipotoka chuoni akakuta pako tupu, akauliza, nami nikamwambia mchwa wamelila kwa ndani, limebaki ganda, tumelichoma. Nilidhani mtoto atauvumilia mchwa kuliko kumwona baba yake ameuza kitu cha bibi. Alilia, kisha akanyamaza, na neno hilo halikutajwa tena kwa zaidi ya miaka thelathini.

Miezi michache baada ya kuliuza nilipita mbele ya duka la mtu yule nikaliona. Sikulitambua mara moja. Kijani kilikuwa kimekwanguliwa chote, mbao imepigwa msasa mpaka imelingana, shaba imesuguliwa ikang'aa, nta juu. Pale mbele, kushoto mwa kitasa, hapakuwa na kitu. Mkono wa bibi ulikuwa umeondolewa kwa msasa. Kisha, kwa kuwa mnunuzi wa kitu cha kale hutaka kuona ukale, walikuwa wametia makovu mapya kwenye kingo, yote sawasawa. Nilisimama mlangoni nikamsikia mwenye duka akimwambia mgeni kwamba kasha lile lilitoka katika jumba la sultani. Sikusema neno. Ningesema nini? Nilikuwa nimekwisha kuezeka.

Ndiyo maana nilisema nalipenda jina la utani la wale akina Morris. Wakati ule sikuwa nimelisikia.

Kwa hiyo nina vitu viwili mbele yangu, kimoja mezani na kingine kumbukumbuni, vyote viwili vimezeeshwa kwa mkono. Cha dukani kilikuwa na mbao ya kale ya kweli, shaba ya kweli, na kila mtaalamu angekubali kwamba ni cha kale. Cha binti yangu ni msonobari wa bei rahisi wenye wiki tatu. Kama mhakiki nalazimika kusema kwamba cha pili ndicho chenye uzee. Umechorwa mahali pasipofaa, juu ya kitu kisichohusika, kwa gundi isiyohimili mvua, lakini ni uzee wa mtu fulani, aliyekuwa na kandili katika mkono fulani. Kosa nililolikamata kwa furaha ndilo sehemu pekee ya kazi ile ambayo haikutoka darasani. Naliandika hilo hapa kama hukumu yangu, nalo halifuti zile kasoro nilizozitaja. Ile gundi bado ni kosa, na nilimwambia.

La kasha sikumwambia. Alisimama pale mlangoni akingoja niseme kitu, nami nikasema, "Ndiyo, ndivyo lilivyokuwa," basi. Akatabasamu, akarudi jikoni. Baada ya wiki alipanda ndege akaenda zake.

Nyumba ile nimeitundika barazani, ndani ya ukingo wa paa, ambapo mvua ya pepo haifiki ila ikizidi. Bati za juu yake si zile kumi na mbili. Zile zilishika kutu zamani. Masika yaliyopita ukingo wa chini ulipata maji kidogo, na nyeupe ikaanza kuvimba na kubanduka pale hasa nilipotabiri. Kunguru wa Bara Hindi, ambao waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji na tangu hapo wanakula kila kitu, walikuja wakachungulia tunduni wakashindwa kuingiza zaidi ya mdomo. Mwezi wa pili wakaja jurawa wawili na nyasi midomoni. Wanaingia na kutoka kutwa nzima. Chini ya tundu mikwaruzo ya kucha imeanza kuonekana, na asubuhi nikifagia baraza naokota vipande vya nyeupe vidogo kama kucha za mtoto.

Nimempigia simu binti yangu kumpa habari za jurawa. Akafurahi mno, akauliza wana makinda mangapi, nikamwambia siwezi kuona, tundu ni dogo. Kitabu hiki kikitoka kwa mchapaji nitampelekea nakala ya kwanza. Huwa anasoma haraka, naye atafika ukurasa huu kabla sijapata simu ya pili.